Mafunzo ya Vijana Wetu: Ufunguo Ubaki kwa Nani?



Mezani pa kamati ya chama chetu umewekwa mkataba wa kurasa kumi na moja. Umeletwa na kampuni iuzayo mafunzo ya mtandaoni. Wajumbe wake walikuja wamevaa vizuri, wakazungumza vizuri, wakatuonyesha kwenye ukuta wa jumba la parokia picha za vijana wanaotabasamu mbele ya kompyuta. Kila mwanachama, walisema, atafunguliwa akaunti yake. Atafuata masomo ya malezi ya Kikristu popote alipo, Katuba, Ruashi au Kasumbalesa. Atajibu maswali, na mwishoni atapewa cheti chenye jina lake. Wengi wenu mlipiga makofi. Sisi walezi wenu tuliomba kwanza kuzisoma kurasa zile kumi na moja, na baada ya kuzisoma tunasema wazi kwamba mkataba huo, kama ulivyoandikwa, usitiwe sahihi.

Tunaandika kwa sababu tangu siku ile tumeitwa watu wa zamani. Imekuwa desturi katika mikutano yetu kwamba anayemkatalia mchuuzi huhesabiwa kuwa amekataa maendeleo, na anayeuliza bei huhesabiwa kuwa hana imani. Basi tuanze kwa kuwapinga wale wanaotuunga mkono kwa sababu mbaya.

Wako wazee, na wako hata vijana, wasemao kwamba mafundisho ya dini hayapiti kwenye simu, kwamba intaneti ni kichaka cha uchafu, na kwamba tuendelee tu na daftari na ubao. Hao hatuko pamoja nao. Tunajua parokia ambayo nakala moja ya kitabu cha malezi imefungiwa katika kabati, na mwenye ufunguo amehamia Kolwezi. Tunajua vijana wanaofanya kazi ya zamu migodini, au wanaolala njiani na malori kwenye mpaka wa Zambia, ambao kwa miezi mitatu hawaioni Dominika moja ya mkutano. Kuwaambia hao “njooni au mpotee” si uaminifu kwa mapokeo, ni uvivu wetu.

Tena mwaka 2020 ulitufundisha. Katikati ya Machi serikali ilipofunga makanisa na shule kwa sababu ya korona, na milango ya makanisa isifunguliwe tena hadi tarehe 15 Agosti, vikundi vyetu vilibaki na kitu kimoja tu, yaani makundi ya WhatsApp. Hatukuwa na jukwaa wala mkataba. Mlezi alisoma Injili ya Dominika, akaieleza kwa Kiswahili katika ujumbe wa sauti wa dakika tatu au nne, akautuma. Ujumbe ule ulipita simu hadi simu. Tuliyoyagundua baadaye ndiyo yaliyotushangaza: aliyeupokea hakuwa kijana mmoja. Simu iliwekwa katikati ya meza, baba, mama, dada na watoto wakasikiliza pamoja, na jirani asiye na mega akaja kusikiliza pia. Mama mmoja ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wetu hata mmoja alituuliza mwezi wa tisa kwa nini masomo yamekoma.

Sasa fungueni ukurasa wa tatu wa mkataba. Akaunti ni ya mtu mmoja. Neno la siri halipewi mtu mwingine. Masomo hayapakuliwi wala hayatumwi kwa asiyelipiwa. Atakayeonekana ameingia kwa simu mbili tofauti siku moja, akaunti yake itafungwa mpaka uchunguzi ufanyike. Yale yote ambayo mwaka 2020 yalikuwa neema kwetu, hapo yameandikwa kama kosa. Na nani katika mji huu hutumia simu moja peke yake tangu asubuhi hadi usiku? Binti wa Kenya au Kampemba huazima simu ya kaka yake baada ya chakula cha jioni, endapo kaka hajatoka, endapo umeme haujakatika, endapo betri ingali na nguvu. Mkataba umemwandikia kijana wa mahali pengine, mwenye chumba chake na chombo chake. Huyo naye ni mtoto wa Mungu, lakini si yeye tuliyetumwa kwake.

Kuna na hesabu. Bei iliyoandikwa ni dola moja na nusu kwa kichwa kwa mwezi. Ikisemwa hivyo yaonekana ni bei ya chupa ya soda. Lakini daftari zetu zina majina mia sita, na mara mia sita, mara miezi kumi na miwili, ni dola 10,800 kwa mwaka. Kila mlezi ajua kwamba katika majina yale mia sita, wanaofika kwa kawaida ni nusu. Kampuni haijali hayo: kichwa kimeandikwa, kichwa kinalipiwa, kikae au kisikae. Tungelipa dola 5,400 kila mwaka kwa ajili ya viti vitupu. Michango ya wanachama hukusanywa kwa franka, mia tano mia tano, baada ya misa. Deni la kampuni linadaiwa kwa dola. Muda ni miaka mitatu, na mkataba hujirudia wenyewe kama hatujaandika barua siku tisini kabla. Bei ya mwaka wa pili “itafuata soko”. Soko gani, hawakusema.

Pamoja na hayo, fedha siyo lililotuumiza zaidi. Lililotuumiza liko ukurasa wa tano, nasi tungependa kila kijana wa Katanga alisome polepole, kwa maana atalitambua. Kampuni haina masomo. Haina hata somo moja juu ya sakramenti, wala juu ya ndoa, wala juu ya mafundisho ya Kanisa kuhusu kazi na mali. Masomo yatatolewa na sisi. Makatekista wetu watayaandika, walezi wetu watayasoma mbele ya kamera, vijana wetu watachora picha. Tutayapeleka kwa kampuni, itayapanga katika jukwaa lake, itayafunga kwa kufuli lake, kisha itatukodisha kwa kichwa. Na siku tukiondoka, yale yaliyopangwa hubaki kwao. Sisi hupewa siku thelathini za kuchukua “maandishi asilia”, yaani makaratasi tuliyowapelekea.

Wapendwa, biashara hiyo si ngeni kwetu. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu, nayo hutoka katika udongo huu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Huondoka ikiwa haijakamilika, unga tu ndani ya magunia juu ya malori yanayopita barabara ya Kasumbalesa. Husafishwa mbali, hasa China. Hurudi ikiwa ndani ya betri ya simu ambayo kijana wa Ruashi huinunua kwa mshahara wa miezi miwili. Kwa miaka mingi tumeisikia habari hiyo katika mahubiri na katika barua za maaskofu, nasi tumeitikia vichwa kwa huzuni. Je, tutafanya vivyo hivyo kwa katekesi, safari hii bila kulazimishwa na mtu yeyote, kwa sahihi ya mwenyekiti wetu wenyewe?

Hapa inafaa kukumbuka kwamba mji huu umejaribu njia mbili za kufundisha watu, na zote mbili zingali mifupani mwetu.

Ya kwanza ni shule ya kambi. Union Minière, kampuni iliyozaliwa 1906, ilipotaka wafanyakazi wakae na wake zao na watoto wao karibu na migodi badala ya kurudi vijijini, ilijenga kambi, na ndani ya kambi shule, na shule hizo ikawakabidhi wamisionari Wakatoliki. Kampuni ilitoa nyumba na fedha, misheni ikatoa walimu. Hatuwadharau walimu wale. Babu zetu walijifunza kusoma kwao, na wengine kwao walibatizwa. Lakini tukisema kweli yote, aliyelipa ndiye aliyejua mapema mtoto atakuwa nani akikua: mfanyakazi mtiifu wa kampuni, mwana wa mfanyakazi mtiifu. Kanisa lilifundisha, na mtu mwingine akashika ufunguo wa jengo. Siku mambo ya kampuni yalipobadilika, shule nazo zilibadilika, na siku Gécamines ilipoanguka katika miaka ya tisini, ziko familia zilizogundua kwamba shule, zahanati na hata mgawo wa unga vilikuwa mali ya mtu mmoja. Tumelipa bei kubwa kwa somo hilo. Si sahihi tulisahau kwa sababu sasa jengo ni programu.

Ya pili ni Jamaa. Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa hapa mjini mwaka 1945, jina la mji likiwa bado Elisabethville, alikwenda baadaye Kolwezi kati ya wachimba migodi na wake zao, na huko, karibu na mwaka 1953, ilianza Jamaa. Tunajua ilipata misukosuko na maaskofu miaka iliyofuata, wala hatuandiki kuitetea katika yote. Tunachotaka mkione ni namna ilivyofundisha. Mafundisho yake hayakununuliwa wala hayakutoka juu kwa mafungu. Baba na mama waliotangulia waliwapokea bwana na bibi wapya nyumbani, wakawaongoza njia moja baada ya nyingine, na aliyefundishwa akawa mdaiwa: naye alipaswa kumzaa mwingine katika mafundisho. Padri mwenyewe alikiri kwamba aligeuzwa na watu wale aliodhani amekuja kuwageuza. Watu waliotoka zamu ya usiku, wengi wao hawajamaliza shule ya msingi, waliyaeneza mafundisho yale Katanga nzima hadi Kasai, kwa Kiswahili, bila simu.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba Jamaa ilikuwa “mtandao” kabla ya mtandao. Maneno ya namna hiyo tunawaachia wachuuzi. Tunasema kwamba chama cha waamini hakifundishi kwa namna ambayo duka linauza. Katika chama, aliyepokea analazimika kutoa, na hapo ndipo chama kinapoishi. Chombo chochote kinachokataza aliyepokea asitoe kimekata mshipa huo, hata kiwe kizuri namna gani machoni.

Tufike kwa watoto. Ukurasa wa saba unataka tuikabidhi kampuni orodha ya wanachama wote: jina, tarehe ya kuzaliwa, parokia, mtaa, namba ya simu ya mzazi, na “picha ya uso iliyo wazi”. Kati ya wanachama wetu wako watoto wa miaka kumi na moja. Orodha hiyo itawekwa “katika mitambo ya washirika”, na washirika hawakutajwa hata mmoja. Kampuni inaweza kuitumia “kuboresha huduma zake na kutoa habari za huduma nyingine”. Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayozungumza juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi. Mkataba hauitaji popote. Lakini hata sheria isingekuwepo, mzazi aliyemwandikisha mwanawe kwetu alitupa jina lile ili tumwite mtoto, tumtafute asipofika, tumwombee anapougua. Hakutupa ili tulipeleke kwa watu tusiowajua. Tulimwuliza mjumbe mmoja kwa nini tarehe ya kuzaliwa inahitajika ili mtoto ajifunze amri kumi. Alicheka, akasema ni kawaida ya fomu.

Na sasa jambo ambalo wengine wangependa tulipitie kimyakimya. Baada ya mkutano, wawili kati ya wajumbe wa kamati waliitwa pembeni, wakaelezwa kwamba kampuni ina desturi ya “kuwashukuru” wanaosaidia mkataba ukamilike. Walikataa, nao ndio waliotueleza. Tunawapongeza bila kuwataja. Kila mtu mjini hapa ajua neno la Kiswahili chetu kwa shukrani ya namna hiyo: matabishi. Hutolewa kwa askari njiani, kwa karani ofisini, kwa mwalimu wakati wa mtihani, na tumezoea hata kuyaonea huruma, eti mtu ana watoto. Basi mkumbukeni Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana wa Goma, mlei kama ninyi, mwana jumuiya ya Sant’Egidio, aliyewafundisha watoto wa mitaani. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa bidhaa mpakani. Walimjia wafanyabiashara na chakula kilichoharibika, wakampa fedha apitishe. Hakupitisha. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri huko Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, kama shahidi wa imani. Wengine walidhani shahidi ni yule tu anayeulizwa mbele ya upanga kama anamkana Kristu. Bwana Chui aliulizwa mbele ya magunia.

Mkataba wa mafunzo hauui mtu kwa sumu, tunakubali, na hatumfananishi mchuuzi yeyote na wauaji wa Goma. Lakini mlango ni ule ule: mtu mmoja ana muhuri, mwingine ana bahasha, na wale watakaokula hawako chumbani.

Mtatuuliza: mnakataa haya yote, mnataka nini? Tunataka kujifunza mtandaoni, na tunataka kuwalipa watu wanaotusaidia. Fundi wa kompyuta astahili ujira wake kama fundi wa matofali, na tabia yetu ya kumwambia kijana aliyesoma informatiki “tusaidie tu, ni kazi ya Mungu” ni dhuluma iliyofunikwa kwa kitambaa cha altare. Alipwe. Ila alipwe kwa kazi yake, si kwa vichwa vyetu.

Vyombo vipo. Moodle, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, haina leseni ya kulipia kwa kichwa. Vyuo vikuu vingi duniani huitumia. Tusidanganyane, si bure: lazima kuwe na mahali pa kuiweka, na mtu wa kuitunza kila wiki, na akiondoka bila kumfundisha mwenzake tutakwama. Kolibri ni nyingine, nayo imetengenezwa kwa ajili ya mahali ambapo intaneti ni haba: masomo hukaa katika kompyuta moja ndogo ndani ya jumba la parokia, na kijana anayefika na simu yake, au ya kaka yake, huyasoma kwa Wi-Fi ya hapo hapo bila kutumia mega hata moja. Kompyuta hiyo na betri yake ya kuivusha saa za giza si gharama ya kuogofya parokia iliyoweza kununua vipaza sauti vya kwaya. Kwa walio mbali, sauti za WhatsApp ziendelee, zipangwe vizuri zaidi, zihifadhiwe, na zipewe ruhusa ya wazi ya kutumwa kwa yeyote. Mtakatifu Carlo Acutis, ambaye vijana wengi mmebandika picha yake tangu alipotangazwa Septemba 2025, alitengeneza mwenyewe kazi yake juu ya miujiza ya Ekaristi ili izunguke dunia. Hakuifungia nyuma ya mlango wa malipo.

Na kama baada ya hayo kamati bado itaona inahitaji kampuni, yote haya yanaweza kuandikwa katika mkataba wa kurasa tatu. Masomo ni mali ya chama, yakiwa ghafi na yakiwa yamepangwa, na tukiondoka tunaondoka nayo katika hali ambayo chombo kingine kinaweza kuyafungua. Bei ni ya kazi, kwa mwaka mmoja, nayo ijulikane kabla. Jina la mtoto halitoki mikononi mwetu. Mtambo utosheke na namba. Kiswahili kiwe lugha ya masomo tangu siku ya kwanza, wala kisiongezwe baadaye kwa bei ya ziada kama ilivyoandikwa ukurasa wa tisa. Mlezi abaki, akutane na kikundi chake uso kwa uso walau mara moja kwa mwezi, na asiwepo kiongozi atakayechaguliwa kwa cheti cha mtambo peke yake, kwa maana mtambo unajua nani amejibu maswali kumi, haujui nani alikwenda kumwona mwenzake hospitali. Na fedha zisomwe mbele ya wote, pamoja na zawadi, kama zilitolewa.

Mjumbe mmoja wa kampuni alituambia kwamba masharti ya namna hii hayakubaliki popote. Huenda ni kweli kwake. Mafundi wawili wa mji huu tuliowaonyesha walisema wanaweza kuanza mwezi ujao.

Kamati itakutana tena Jumamosi baada ya Pentekoste, saa nane, katika jumba la parokia. Mkutano ni wazi kwa kila mwanachama, hata asiyelipa mchango wa mwaka huu. Tunawasihi mfike wengi, na tumeandika ombi moja tu kwa mwenyekiti: kabla kalamu haijatolewa, ukurasa wa tano na ukurasa wa saba zisomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wazazi.